Siku Tulipolihamisha Dirisha

Nyumbani kwangu kuna skrini nzee ya kompyuta, ile ya zamani yenye mgongo mnene, ambayo mume wangu ameshaitafutia mteja sokoni bila kuniomba ruhusa. Ikiwashwa hutoa mlio mwembamba, halafu baada ya muda huanza kunuka vumbi linaloungua polepole juu ya plastiki ya moto. Watoto wangu wanaziba pua. Mimi navuta kiti. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, zile zinazofanya kazi ndani ya mashine yenyewe bila intaneti, kwa ajili ya shule, maduka ya dawa na vituo vya afya vya huku kwetu Kasongo, Nyangwe, hadi Kabambare. Hakuna programu inayotoka mikononi mwangu kabla dirisha lake halijafunguka vizuri kwenye skrini hiyo. Vijana wa Kindu, mji mkuu wa mkoa wetu, ninaoshirikiana nao wananicheka. Wao wana skrini pana, wanadhani dunia nzima ina skrini pana. Wacha wacheke.

Wiki jana nilikuwa napanga vitufe chini ya dirisha la programu mpya, harufu ile ikanipanda puani, na mara nikajikuta mtoto tena. Miguu yangu haifiki chini. Nimekaa kwenye benchi la sekretaria ya Mama Riziki, ile nyumba ndogo ya kuchapisha karatasi ambayo nyuma yake jenereta ilinguruma tangu asubuhi, na dada yangu Furaha amesimama mbele ya skrini, mikono kiunoni, anakataa kwenda nyumbani.

Tulikuwa wageni Kasongo. Tulitoka upande wa Wamaza, huko Kabambare, wakati watu wenye bunduki walipoingia kijijini, tukaja na masufuria, godoro moja na mbuzi ambaye hakufika. Baba alikuwa amefariki kabla ya hapo. Mama alilima mashamba ya watu, Furaha akasoma mpaka akafika mwaka wa mwisho wa sekondari, mwaka wa mtihani wa serikali. Ninyi mliokulia huku mnajua mtihani ule ulikuwa nini: ukiukosa, kila kitu ulichosoma kinabaki hewani.

Asubuhi ya siku ninayoisema, Mjomba Amisi, kaka yake mama, alikuwa amekuja na pikipiki yake kutoka Lusangi. Mke wake alikuwa akipikia wachimbaji dhahabu huko, na kazi ilikuwa imemzidi. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alizungumza nasi uani, akitafuna muhogo wa kuchoma, kwa sauti ya mtu anayepanga jambo la kawaida.

"Jina yake ikiingia leo ku mutihani, mutoto anabakia hapa, anasoma," alisema. "Isipoingia, natoka naye. Atapika pamoja na bibi yangu. Mama yenu amechoka, munamuona."

Mama hakubisha. Hakuwa na nguvu ya kumsomesha mwaka mwingine, na sote tulilijua hilo. Furaha alioga, akavaa sare aliyoinyosha chini ya godoro, akafunga kamba za viatu kwa nguvu kama anayekwenda kupigana. Mimi nikamfuata. Aliniambia nirudi, nikakataa, kwa kuwa nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikimpoteza machoni atapakiwa pikipiki bila kuniaga.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Majina ya wanafunzi wengi wa shule yao yalikuwa yameshaingizwa Kindu. Waliobaki walikuwa wachache waliochelewa, na karibu wote walikuwa wa kwetu Kabambare, kwa sababu karatasi zetu zilikuwa zimepotelea njiani. Prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa ameletewa programu ya kuandikisha ndani ya flash, na kwa kuwa shule haikuwa na kompyuta aliipeleka kwa Mama Riziki. Alasiri hiyo hiyo mtu wa pikipiki angeirudisha flash Kindu. Baada ya hapo mlango unafungwa.

Mama Riziki alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara na vidole vyepesi kuliko sauti yake. Pembeni ya kibodi aliweka bakuli la karanga, na herufi alizozipenda zaidi ziling'aa kwa mafuta. Alichapa jina la Furaha, mahali alipozaliwa, jina la baba, jina la mama. Kisha akasukuma bakuli kando, akainamia skrini.

"Prefe," alisema, "dirisha hii mbona iko kubwa kuliko ukuta?"

Mimi nikageuka kuangalia dirisha la chumba. Lilikuwa dogo tu, la mbao, lenye bawaba moja iliyolegea. Hapo lazima nieleze kwamba siku hiyo nilikuwa nimeshaaibika mara moja: Mama Riziki aliposema "ngoja nifunge ile dirisha," niliruka kutoka kwenye benchi nikalifunga la mbao, chumba kikawa giza na watu wakapiga kelele. Kwetu dirisha lilikuwa tundu ukutani linaloingiza hewa na nzi. Sikuwa nimeambiwa kwamba kuna madirisha yanayoishi ndani ya kioo, yanayofunguka moja juu ya jingine, na kwamba watu wazima wanaweza kugombana nayo.

"Waliniambia hivi," Prefe alisema. "Ukimaliza kujaza, bonyeza kifungo ya kukubali, Valider. Iko chini."

"Chini wapi, Prefe? Chini ni meza."

Niliteremka nikaingia chini ya meza. Nilikuta waya, maganda ya karanga na ndala moja ya mtoto. Nilipapasa ubao wote kwa chini, maana nilijua kifungo ni nini, hata sare yangu ilikuwa navyo, na kama kimoja kilikuwa kimedondoka nilikuwa na uhakika wa kukiona.

"Weye mutoto, unatafuta nini kule?"

"Valider."

Walicheka wote, hata wazazi wa wale waliochelewa, waliokuwa wamekaa kwenye benchi na nyuso za msibani. Furaha hakucheka. Alisogea karibu na skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Walijaribu kila walichokijua. Mama Riziki alilishika dirisha kichwani kwa kipanya, akalivuta juu, likafika ukingoni mwa skrini likagoma. Alilivuta pembeni ili lipungue, likagoma. Kile kiboksi cha kulikuza na kulipunguza kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Alipiga Enter, mashine ikajibu "ti!" kwa dharau. Alijaribu kuiongezea skrini ukubwa, lakini skrini yenyewe ilikuwa imefika mwisho wake. Leo najua kwamba kitufe cha Tab kingetupeleka kwenye Valider hata bila kuiona, lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo. Benchi lilianza kupungua. Mzazi mmoja alimshika mwanawe mkono wakaondoka, kisha mwingine. Sikumlaumu yeyote, kwani njaa ilikuwa imeanza kuuma na jenereta nayo ilikuwa inakohoa.

"Furaha," Prefe alisema kwa upole, "tutaomba tena mwaka kesho."

"Prefe, mwaka kesho miye niko Lusangi, nakoroga fufu ya watu."

Alisema bila machozi. Prefe alivua kofia yake, akaivaa tena. Halafu alichukua chupa tupu, akatoka kwenda kutafuta petroli ya jenereta. Mpaka leo namheshimu kwa chupa ile.

Furaha alivuta kiti karibu na Mama Riziki. "Ile suri iko na pande mbili," alisema, maana huku kipanya tunakiita suri. "Siku yote tunabonyeza ya kushoto. Ile ingine kazi yake nini?"

"Ile inaleta maneno mingi tu."

"Ilete. Siye tunatafuta neno."

Wakaanza kubonyeza upande wa kulia kila mahali. Kwenye kioo kitupu, hakuna. Kwenye jina lake, orodha isiyosaidia. Kwenye kichwa cha dirisha, pale kwenye ule mstari wa bluu juu kabisa, ikashuka orodha fupi ya Kifaransa. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimejua kusoma Kifaransa na nilikisoma kila mahali kwa sauti, kwenye magunia, kwenye mikebe ya samaki. Nikaanza. La kwanza lilikuwa Restaurer, na njaa ikanifanya nifurahi sana, nikidhani ni restaurant, yaani mgahawa. Lakini lilikuwa limefifia. Karibu yote yalikuwa yamefifia. Maneno mawili tu yalikuwa meusi: moja Fermeture. Jingine nililisoma silabi kwa silabi:

Dé-pla-ce-ment.

Neno hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Wadeplase, yaani watu waliohamishwa na vita, ndivyo tulivyoitwa. Lilikuwa limeandikwa kwenye maturubai meupe tuliyolala chini yake miezi ya kwanza. Liliitwa kwa kipaza sauti siku za kugawa unga: wadeplase huku, wenyeji kule. Shuleni mtu akitaka kunishinda kwenye ugomvi hakuhitaji kunipiga, alisema tu "weye mudeplase," na mchezo ukaisha. Mama alikuwa amepiga marufuku lisitamkwe ndani ya nyumba yetu. Na sasa nalikuta ndani ya kioo cha Mama Riziki, chini ya jina la dada yangu, linasubiri kubonyezwa. Niliona wazi kabisa kilichokuwa kinatokea: mashine ilikuwa imetutambua. Tukiligusa tu, tunarudishwa barabarani na godoro letu.

Niliruka nikaweka kiganja chote juu ya kioo. Umeme wa skrini ukanitekenya, malaika ya mkono yakasimama, lakini sikutoa mkono.

"Mama Riziki, usiguse ile neno! Watatuhamisha tena!"

Mama Riziki alishika kifua. Nadhani alielewa haraka, maana hakunigombeza. Furaha alichuchumaa mbele yangu, akanishika kifundo cha mkono, ila hakuuvuta.

"Sikia," alisema. "Ile neno haituongelee siye. Inaongelea dirisha."

"Na kama inadanganya?"

"Angalia zile mbili zilizobaki. Hii ingine, Fermeture, ni kufunga. Wakifunga, miye nimeisha. Kufunga na kuhama, weye utachagua nini?"

Nikakaza kiganja juu ya kioo.

"Siye tuliisha kuhama, na hatukufa. Tuko hapa. Toa mukono."

Nikautoa. Sijui kama nilimwamini, lakini sauti yake haikuwa ya kubembeleza, ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua, na mtoto anaitambua sauti hiyo. Furaha akachukua kipanya mwenyewe akabonyeza.

Hakikutokea kitu. Ila kile kimshale cha kipanya kilibadilika, kikawa na ncha nne, moja kila upande.

"Unaona?" Mama Riziki alisema. "Mambo ya bure."

"Ngoja. Kama inatuonyesha mishale, tuipe mishale." Furaha akatafuta kwenye kibodi vile vitufe vinne vya mishale, ambavyo havikuwa na mafuta ya karanga kwa sababu hakuna aliyevitumia, akabonyeza cha juu.

Dirisha likapanda. Kidogo tu, lakini likapita ule ukingo lililokuwa limeugomea asubuhi nzima. Akabonyeza tena, na tena. Mstari wa bluu ukazama kwenye dari ya skrini, jina la Furaha likazama nalo.

"Kichwa inapotea!" Mama Riziki akapiga kelele. "Mutoto, unaitupa!"

"Acha ipotee! Siye tunatafuta miguu."

Na miguu ikaja. Ulianza kuonekana mstari, halafu nafasi tupu, halafu kitufe cha kijivu chenye neno Valider, kimekaa pale kimya kama hakijamsumbua mtu. Furaha alikibonyeza kabla hajapumua. Hapo hapo kikatokea kidirisha kingine katikati, kidogo, kinauliza swali, na vingine vyote vikakataa kuguswa mpaka kijibiwe. Kwetu mtu anayepiga hodi ndiye anayesimamisha shughuli za nyumba mpaka aitikiwe, kwa hiyo nikafanya nilichofundishwa. Nikaitikia kwa sauti, "Karibu!" Furaha akabonyeza Oui, yaani ndiyo. Mashine ikasema imeandika.

Prefe aliingia na chupa yake ya petroli akamkuta Mama Riziki anacheza, bakuli la karanga liko chini, na dada yangu amekaa sakafuni na sare yake iliyonyoshwa, analia kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka Wamaza. Mimi nilijawa na furaha kiasi kwamba nilimpiga Furaha mgongoni kwa ngumi. Kisha akasimama, akajifuta uso kwa mkono, akatoka mbio kwenda kuwaita wale waliokuwa wamekata tamaa. Wote walirudi. Dirisha lilifunguka upya kwa kila jina, na kila mara lililazimika kuhamishwa, na Furaha hakumwachia mtu mwingine kipanya mpaka flash ilipotolewa.

Nimefikiria mara nyingi juu ya yule aliyeandika programu ile. Sidhani alitutakia mabaya. Alikaa mbele ya skrini yake, akalipa dirisha kimo kilichompendeza, akafunga kingo zake lisipunguzwe, akaweka kitufe cha muhimu kuliko vyote chini kabisa, akaenda kula. Hakuwaza kwamba kuna skrini fupi Kasongo na msichana nyuma yake. Nilipoanza kujifunza kazi hii, kwenye mashine ya kuazima, dirisha langu la kwanza lilifunguka nje kabisa ya skrini, nikahangaika nalo mpaka nikataka kuitupa kompyuta mtoni. Sikuitupa. Nilikuwa na deni na madirisha, na niliapa yatanitii.

Leo programu zangu haziruki kufunguka. Kwanza zinaiuliza skrini ina kimo gani, ndipo dirisha linajikata lienee. Likikosa nafasi, sehemu ya katikati ndiyo inayofinywa na kupewa uwezo wa kuteremshwa, lakini vitufe nimevifunga kwenye ukingo wa chini, na ukingo ukipanda vinapanda nao. Hakuna kitufe kisichofikiwa kwa kibodi. Maswali ya kusimamisha kazi nayaweka machache, maana mgeni anayepiga hodi kila dakika anachosha. Na katika orodha ile ya kichwani mwa dirisha, kwenye programu zangu za Kiswahili, vijana wa Kindu walitaka tuandike "Sogeza". Niliwakatalia. Nimeandika "Hamisha". Furaha, ambaye sasa ni mwalimu na anatumia programu yangu shuleni kwake, hunipigia simu kulalamika kwamba rangi ya vitufe ni mbaya, lakini juu ya neno hilo hajawahi kulalamika.

Tulipofika nyumbani siku ile, pikipiki ilikuwa imeshageuzwa kuelekea barabarani. Mjomba alikuwa amelifunga begi la Furaha nyuma ya kiti kwa kamba ya mpira, amezungusha na kuzungusha. Mama alisimama mlangoni, mikono imejaa unga.

"Panda tuende," mjomba alisema. "Mvua inakuja."

"Jina imeingia," Furaha alisema.

"Nani ameiona?"

"Miye niliiona!" nikapayuka. "Tulideplase dirisha!"

Mama akashtuka kwa neno lile, akanitolea macho. Furaha hakumpa nafasi ya kunigombeza. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekazwa kwa ajili ya safari ya mashimo, halikufunguka. Akalivuta kwa kucha, akaliuma kwa meno.

"Mujomba, miye nilideplase mara moja," alisema, mdomo bado uko kwenye kamba. "Inatosha. Leo dirisha ndiyo imehama. Miye nabakia."

Mjomba Amisi alimwangalia jinsi anavyohangaika. Kisha akazima pikipiki, akatoa kisu chake mfukoni, akamsogeza kando taratibu na kuikata kamba yake mwenyewe. Alimpa Furaha begi mkononi.

"Basi soma," alisema. "Soma kabisa. Usinirudishe tena hapa na hii pikipiki kukuchukua."